Simu ya Mzee Sharifu na Toleo la Pili

Lushoto,
Alhamisi, 19 Juni 2025

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Mika,
Mgwashi.

Shikamoo baba. Shikamoo na kwa mama, ambaye najua yuko karibu yako anauliza barua imetoka kwa nani. Mwambie ni ya Dorkasi, na kwamba sijambo. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu uanze kulikanda kwa maji ya moto, na kwamba ng'ombe amezaa salama. Mlipopiga simu wiki iliyopita mama alisema bado siku chache.

Mimi huku mzima. Baridi ya mwezi huu imetukamata sawasawa, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na ofisini tunaandika tumevaa makoti. Kile kikohozi kilipona kwa asali mliyonipa. Chakula nakula, kanisani naenda, ingawa Jumapili moja hivi karibuni sikwenda, na sababu utaiona humu ndani.

Utashangaa kupata barua kwa mkono wakati simu ipo. Simu unaipokea umesimama shambani, unapiga kelele kushinda upepo, na baada ya dakika mbili unaniambia salio langu litaisha. Jambo hili linataka usome umekaa. Ukifika mahali ukashindwa kuendelea, iweke chini, kisha uichukue tena. Nimempa mwalimu Rehema, anayepanda huko kesho. Mimi mwenyewe nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nimependa barua itangulie, ili nikiingia mlangoni uwe umeshajua unampokea nani.

Nianze na kazi yangu. Mara nyingi umeniuliza ninafanya nini hasa, nami nimekujibu juu juu kwamba ninatengeneza tovuti. Ni kweli, lakini si yote. Mimi, Zakia na Valentino tulitengeneza kitu kinachoitwa kiunzi. Mtu anayetaka kujenga tovuti anakuta nguzo zimeshasimikwa, mapaa yamepigwa, milango iko mahali pake. Kazi yake ni kukandika na kupaka rangi apendavyo. Kiunzi chetu tulikiita Kitalu, na tulikiweka mtandaoni kila mtu akitumie bure. Sasa kuna watu Tanga, Mwanza na hata nje ya nchi wanaojenga juu yake.

Tovuti ile ya mizigo mliyoitumia hapo Mgwashi, ambapo mkulima anaandika mzigo wake na dereva anauona kwenye simu, tuliijenga sisi juu ya Kitalu. Kwa mwaka mzima ilifanya kazi bila kukosea. Unakumbuka ulivyowaita wenzako nyumbani, ukawaonyesha, ukawaambia waache kupanda kilimani kutafuta mtandao wa kumpigia dereva, waandike tu na kulala, ujumbe utaondoka wenyewe mtandao ukishika? Nilikuwa nimekaa jikoni na mama. Nilisikia fahari katika sauti yako na nilijifanya sisikii.

Mwaka huu tulitengeneza toleo la pili la Kitalu. Lilikuwa jepesi zaidi, lilikula bando kidogo. Sasa baba, kutoa toleo jipya kuna hatari yake. Walioko kwenye simu mpya watalifurahia, lakini wako wenye simu za zamani zisizokubali kubadilishwa tena, na lazima ujue kama toleo jipya litaelewana nazo. Kwa hiyo tulichora jedwali. Upande mmoja aina za simu, upande mwingine matoleo. Zakia, ambaye ndiye mkali wetu, aliweka sharti moja tu: hakuna anayeweka alama ya vema kwenye jedwali kwa kukisia. Unashika simu yenyewe mkononi, unafungua, unaandika mzigo, unaona unafika, ndipo unaweka alama. Tukagawana mistari. Mimi nikapewa mistari kadhaa, ukiwemo ule wa simu za zamani, kwa sababu nilisema nina moja ya kupimia.

Toleo tulilitoa Ijumaa, tarehe kumi na moja mwezi wa nne, jioni. Tulikunywa soda, tukapiga picha, Valentino akacheza peke yake. Kesho yake ujumbe wa pongezi ulikuwa mwingi kuliko nilivyoweza kuujibu.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, lakini niruhusu niyaandike, kwa sababu sijawahi kuyasema kwa mpangilio.

Jumatatu ya wiki ya Pasaka ulikata kabichi na koliflawa, wewe na majirani watano, mkaweka magunia barabarani chini ya turubai. Uliandika mzigo kwenye tovuti kwa ajili ya Mzee Sharifu, aje Jumatano na Fuso lake kama siku zote. Simu yako ikakujibu kwamba ujumbe umemfikia dereva. Usiku ule mvua ikaangusha umeme, mnara wa mtandao ukazima, na mpaka Ijumaa Kuu hakuna simu iliyotoka wala kuingia Mgwashi. Jumatano mlingoja. Alhamisi mlingoja. Malori mengine mawili yalipita yamejaa. Mimi nilifika Ijumaa Kuu kwa miguu kutoka pale basi liliponasa, na harufu ya kabichi nilikutana nayo kabla sijaona nyumba.

Jumamosi, mvua bado inanyesha, Mzee Sharifu akafika. Hakuja kuchukua mzigo, alikuja na nusu gunia la mchele wa Pasaka, kama anavyokuletea kila mwaka tangu kabla sijaanza shule. Alishuka kwenye lori anacheka, akaona magunia, akaacha kucheka. Akauliza kwa nini hamkumwandikia.

Wewe ulisema umemwandikia na alijua. Ukatoa simu yako, ukawaonyesha watu wote: umemfikia dereva, Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Yeye akatoa yake, akaonyesha: hakuna mzigo mpya. Akasema ameangalia Jumatatu usiku, Jumanne, Jumatano alfajiri, na kila mara palikuwa hivyo, akadhani mvua imewazuia kuvuna. Wewe ukasema amefuta. Yeye akaapa kwa Mungu mbele ya watu kwamba hajafuta kitu. Ndipo ulipomwambia, na maneno yako ninayo kichwani kama yalivyo, "Sharifu, mashine ya binti yangu haisemi uongo. Basi nani kati yetu anayesema uongo?"

Akapandisha mchele wake kwenye lori, kwa sababu ulikuwa umekataa kuupokea, akageuza gari kwa shida kwenye lile tope na kuteremka. Tangu siku ile hajapanda Mgwashi. Idi ya juzi imepita na wewe hukushuka Mazinde kumpelekea viazi. Mama aliniambia ulivichagua, ukaviweka kwenye kikapu, kisha ukavirudisha ghalani.

Baba, mashine yangu ilisema uongo.

Ile simu ya kupimia niliyowaambia wenzangu ninayo, ilikuwa imekufa betri tangu mwezi wa pili. Nilipanga kutafuta nyingine sokoni, siku zikapita. Ijumaa ile, saa tisa alasiri, mistari yote ya jedwali ilikuwa na alama isipokuwa ule wangu wa simu za zamani. Watu walikuwa wameshatangaziwa saa, na aliyetangaza ni mimi. Zakia akaniuliza kutoka meza ya pili, umemaliza? Nikasema nimemaliza. Nikaweka alama ya vema. Niliwaza kwamba kama toleo la kwanza lilikubali kwenye simu hizo, la pili litakataa vipi? Ndivyo nilivyowaza, na haikunichukua hata dakika moja.

Lilikataa. Tena lilikataa kimya kimya, bila kuonyesha kosa lolote. Kwenye simu kama ya Mzee Sharifu, sehemu mpya ilishindwa kufunguka, na simu ikaendelea kumwonyesha ukurasa wa zamani iliokuwa imeuhifadhi, siku baada ya siku, kana kwamba ni wa leo. Ndiyo maana aliona hakuna mzigo mpya. Na kwako tulikuwa tumeandika "umemfikia dereva" wakati ukweli ni kwamba umefika kwenye mashine zetu tu, na mashine zikaupeleka mahali pasipoweza kuupokea. Simu zote mbili zilisema vile tulivyoziambia ziseme. Wazee wawili mlisimama mvuani kila mmoja ameshika ushahidi wake, na ushahidi wote ulikuwa wa uongo, na wote ulitoka kwangu.

Pasaka ilipokwisha nilirudi Lushoto nikarekebisha. Kazi ya siku mbili. Tukatoa toleo la pili nukta moja, na kwenye maelezo nikaandika kwamba ni marekebisho madogo. Zakia aliuliza yametokana na nini, nikamjibu kwamba nimeona tahadhari ni bora. Akaniamini.

Ningeweza kunyamaza hivyo mpaka leo. Kilichonitoa ni barua pepe ya mama mmoja wa Mwanza anayeitwa Modesta. Anataka kujenga juu ya Kitalu mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa siku za kuchukua dawa, na wagonjwa wake wengi wana simu za zamani. Alikuwa amesoma jedwali letu mstari kwa mstari. Akauliza kwa adabu sana: huu mstari wa simu za zamani, nani aliupima, na kwa simu gani? Zakia akanipa mimi nijibu, kwa kuwa mstari ni wangu. Nilikaa na barua ile siku tatu. Jumapili iliyoangukia humo sikwenda kanisani kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, nimeandika "Ndugu Modesta" na hapo nimekwama.

Siku ya nne nikawaambia wenzangu. Valentino alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Zakia hakupandisha sauti. Aliniuliza kama kuna alama nyingine niliyoweka hivyo. Nikasema hakuna. Akasema, "Nitapima mistari yako yote upya, Dorkasi. Usinichukie." Akaipima siku mbili mfululizo, kwa simu alizoazima kwa wauza ndizi na kwa mlinzi wa benki, akakuta ile mingine ni sahihi. Kisha tukaandika kwenye ukurasa wa Kitalu, mahali ambapo kila mtu anaona, kwamba toleo la pili lilitolewa bila kupimwa kwenye simu za zamani, kwamba watu walipata hasara, na kwamba aliyeweka alama ni mimi. Jina langu liko pale. Kutoa toleo sasa si kazi yangu tena mpaka watakaponiamini, nami nimekubali. Ndugu Modesta nilimjibu. Alisema anashukuru kujua, na kwamba atapima mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nikashuka Mazinde.

Nilimkuta Mzee Sharifu nje ya nyumba yake anafunga tairi. Aliponiona alifuta mikono, akaniita mwanangu kama zamani, akauliza habari za goti lako kabla hajauliza habari zangu. Nilimsalimia, nikakaa kwenye benchi, nikamwomba anionyeshe ile simu. Kisha akaingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na mpira.

Kumbe tangu siku ile hakuitumia tena. Alinunua nyingine ya vitufe. Hii aliizima na kuitunza hivyo hivyo, akaniambia, akitumaini siku moja atapita mtu anayejua kusoma mambo ya ndani ya simu, amwambie kama imefutwa kitu au la. Nikamwuliza kwa nini hakuniletea mimi, kwani alijua hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema alifikiria. Akaona kwamba akiniletea atakuwa ananitaka nichague kati yake na baba yangu, na hilo hakuona kama ni haki kumtaka mtoto.

Niliiwasha. Hakuna mzigo mpya. Hapo nikamweleza yote, la betri, la alama, la toleo. Nilimweleza taratibu, na yeye alisikiliza ametazama barabara. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Ulijua lini?"

Nami nikamjibu. Sasa baba sina budi kukujibu na wewe, ingawa wewe hukuniuliza, kwa sababu haikukupitia kichwani kwamba kuna la kuuliza.

Nilijua siku ileile. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekushikia mwavuli. Toleo la pili tuliliwekea utepe wa bluu juu ya ukurasa; la kwanza lilikuwa na utepe wa kijani. Mzee Sharifu alipoinua simu yake mbele ya watu, niliona kijani. Hakuna mtu mwingine pale aliyeweza kujua maana yake. Mimi nilijua palepale, kabla hajaapa. Nilijua kwamba anasema kweli, na kwamba kosa ni ule mstari wangu. Ulipouliza nani kati yenu anayesema uongo, jibu lilikuwa limesimama nyuma ya bega lako, na lilikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Nilinyamaza. Nilisikia unanitetea, baba, mbele ya majirani waliopoteza mazao kwa kukuamini, na nikaona nikifungua mdomo nitakuangusha mbele yao. Hivyo nilijiambia. Lakini nimepata muda wa kufikiri, na ukweli ni kwamba niliogopa kuanguka mimi.

Mzee Sharifu aliposikia jibu hilo nilidhani ataniambia niondoke. Badala yake akamwita mkewe, Mama Mwanahawa, aliyekuwa uani anachambua mboga. Akaja anapangusa mikono kwenye kanga. Mzee akaniambia, "Hebu sema tena. Sema kama ulivyoniambia mimi." Nikasema tena. Mama Mwanahawa akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, baba Ramadhani." Akarudi uani.

Ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye, mkewe aliyeishi naye miaka arobaini, alikuwa ameanza kumtilia shaka. Wewe ulimwambia neno lile mara moja, likateremka naye mpaka Mazinde na kukaa nyumbani kwake miezi miwili. Baba, sikuandikii hili ili kukuumiza. Nimeliandika kwa sababu nimeazimia kutokukuficha kitu tena, na hili ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilimwuliza kama ananisamehe. Alisema yeye si mtu wa kuweka kinyongo na mtoto, ila nisimharakishe. Nilimwuliza kama ana neno nikuletee. Akasema hapana. Nikarudia tena wakati wa kuaga, akasema hapana. Ila alisema kama wewe una neno naye, njia ya Mazinde unaijua, na yeye atalipokea kutoka kinywani mwako, si kwenye simu wala kwa mjumbe.

Jumamosi nikifika nitaomba uwaite wale majirani watano, pamoja na wengine waliokuwepo. Nitasimama palepale barabarani mlipoweka magunia, niwaeleze kama nilivyokueleza. Hasara yao nitaisemea mimi, wewe usiisemee. Usiniombee radhi kwao, nakusihi. Nimekua, baba. Ukitaka kukaa ndani wakati ninapozungumza, kaa. Ukitaka kuja kusimama nami, nitashukuru, lakini sitakungoja. Yule mzee alisimama peke yake.

Jumatatu narudi Lushoto, lakini njia ya Soni inateremka pia mpaka Mombo, karibu na Mazinde. Nimeulizia: kuna gari linalotoka Mgwashi saa kumi na mbili asubuhi. Nimewaomba wanishikie nafasi mbili. Moja yangu, na ya pili nitaiacha wazi mpaka gari litakapoondoka.

Nisalimie mama sana, na umsomee yote, hata pale panapotia aibu. Nisalimie shangazi Yusta na watoto wake, na mzee wa kanisa. Kama ng'ombe amezaa, ndama mpeni jina bila kunisubiri. Mungu awalinde wote hapo nyumbani, akupe usingizi baada ya kusoma haya.

Ni mimi mwanao,

Dorkasi Mika